Dobi Aliyelima Juu ya Milango

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu mtaivumilia. Kumbukumbu hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Mtayarishaji wangu amekaa hapo upande wa pili wa kioo, kanikazia macho, kwa hiyo safari hii nitaisoma mpaka mwisho.

Tunamkumbuka mwanamke mmoja. Alikuwa dobi. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Aliishi na maumivu ya mwili kwa miaka kumi na minane. Na alilima mboga. Alilima mboga bila kuinama, juu ya milango. Ndiyo, milango, hujasikia vibaya. Tutafika huko. Amefariki Jumapili iliyopita kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Nyumbani wajukuu walimwita Bibi Taratibu. Mtaani walimwita Zamu. Jina la nyumbani alilipenda. Jina la mtaani lilimuumiza. Na hilo la mtaani, wasikilizaji wapendwa, nililitoa mimi. Nililitoa hapa hapa, kwenye kiti hiki, mbele ya kipaza sauti hiki. Naona aibu. Nalisema mapema ili msidhani mnasikiliza mtu aliyekuja kumsifu marehemu na kwenda zake.

Tuanze na kazi yake. Shuka kavu ni jepesi, mtoto analibeba. Shuka lililolowa ni jambo jingine, linakuvuta mpaka mabega yanalia. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, chini, chenye madirisha madogo na sakafu ya saruji isiyokauka. Mashine zilikuwa mbili, na siku nyingi moja ilikuwa mbovu. Mashine ikigoma, madobi walikamua kwa mikono. Wawili wawili, mmoja huku, mmoja kule, wanalisokota shuka mpaka linatoa tone la mwisho. Yeye alisifiwa kwa kukamua. Wenzake wanasema shuka lililopita mikononi mwake lilikauka kabla ya mengine.

Akiwa na miaka arobaini na mitatu, maumivu yakaanza. Yalianza kiunoni. Yakapanda mgongoni. Yakateremkia vidoleni. Alikwenda kwa daktari, akapigwa picha. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema picha ni safi kabisa, haina tatizo. Mumewe, ambaye ni seremala na mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, akamjibu, "Basi daktari, huyo wa kwenye picha ndiye umruhusu arudi kazini. Huyu wangu anaumwa."

Sikilizeni hili vizuri, maana ndilo nililoshindwa kulielewa. Maumivu yale hayakuwa ya kila saa. Kuna siku aliamka mzima, akaimba, akapika, akawatania majirani. Na kuna siku hakuweza kufungua mfuniko wa chupa. Hakujua kesho itakuwa ya namna gani. Hakuna aliyejua. Leo mzima, kesho hoi, na mwili ni ule ule.

Pale hospitali, mwanzoni, walimwelewa. Walimpa kigoda kirefu akunje mashuka akiwa amekaa. Kigoda hicho mkikumbuke.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kipande cha ardhi, si kikubwa. Alikilima tangu alipoolewa. Mchicha, nyanya, bilinganya, vitunguu. Siku moja aliinama kuchuma mchicha, na kuinuka kukamshinda. Alishika ukuta akabaki vile vile alivyo, amejikunja, mpaka binti yake aliporudi kutoka shuleni. Ni saa mbili nzima. Binti anasema alimkuta mama analia. Akamuuliza, "Mama, inauma sana?" Mama akamjibu, "Hainiumizi kama hivi nilivyo. Mtu mzima, nimekunjika kama kisu cha mfukoni."

Seremala alirudi jioni. Aliingia ndani, akachukua bisibisi, akang'oa mlango wa stoo. Akamkalisha mkewe kwenye kiti, akatoa futi yake, akapima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko. Mke akauliza, "Unanipimia jeneza?" Mume akasema, "Nakupimia shamba."

Mlango ule akaulaza juu ya miguu minne, urefu wa kile kiwiko. Akauzungushia mbao pembeni, akatoboa matundu ya kutolea maji, akaujaza udongo kina cha shubiri moja. Mchicha hauhitaji zaidi ya hapo. Mkewe akakaa, magoti yakaingia chini ya meza, mikono ikafika juu ya udongo. Hakuinama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kugusa udongo bila kulia.

Mlango mmoja ukaleta mwingine. Ukaondoka wa jikoni. Ukaondoka wa bafu. Binti anasema, "Tulioga nyuma ya pazia kwa miaka minne. Mgeni akija, uliyeko ndani unaimba, ili ajue kuna mtu. Kaka yangu hajui kuimba, ndiyo maana wageni wetu walikuwa hawakai sana."

Wasikilizaji wapendwa, bustani ile ilikuwa na akili. Ilikuwa na meza tano na viti vitano, na viti havifanani hata viwili. Kila meza na kiti chake, ili asibebe kiti. Meza hazikuwa pana, mwisho wake ni pale mkono unapofika bila kujinyoosha. Mbegu alizidondosha kwa kipande cha bomba la maji. Anashika bomba, anaweka mbegu juu, inateremka yenyewe mpaka kwenye shimo. Maji hakubeba kwa ndoo. Alibeba kwa chupa ndogo za nusu lita, vifuniko vimetobolewa kwa msumari, mbili mbili. Mboga alikata kwa mkasi, hakung'oa. Mpini wa mkasi aliuzungushia vitambaa mpaka ukanenepa, kwa sababu vidole vyake havikupenda kufumba.

Na alikuwa na saa. Ile saa ndogo ya jikoni unayoizungusha, kisha inalia. Aliiita Bosi. Anaitegea dakika kumi na mbili. Ikilia, anaacha. Hata akiwa ameshika mche mkononi, anauweka chini. Anapumzika dakika kumi na mbili nyingine, kisha anarudi. Mumewe akimwita akale, anajibu, "Bado, Bosi hajaniruhusu." Siku mbaya hakutoka kabisa. Alilala, na mboga zilimsubiri. Wajukuu wakimkimbilia, anawaambia taratibu, taratibu. Ndipo likatoka lile jina la nyumbani.

Sasa nakuja kwangu.

Miaka saba iliyopita nilikuwa na kipindi cha mashindano ya bustani. Wengi mnakikumbuka. Mlinipigia simu, mkajisifu, nami nikaja kuwakagua. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: tunakuja bila taarifa. Nilijivunia utaratibu huo. Nilisema atakayetudanganya tutamfumania.

Yule dobi alipiga simu. Nakumbuka sauti yake, ya chini, kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alisema, "Mimi naumwa mwili mwaka wa kumi na moja huu, lakini nina bustani. Nataka wenzangu wanaoumwa wasikie kwamba inawezekana." Zawadi yetu ilikuwa toroli. Nikamtania, "Mama, toroli utalisukuma?" Akacheka. Akasema, "Nitapandia mchicha humo." Nikampenda hapo hapo. Nikasema huyu nitamwendea.

Nilikwenda Jumatano, saa nne asubuhi, mimi na fundi mitambo wangu. Tulisimamisha gari, tukapita pembeni ya nyumba. Na nilichokiona ni hiki. Mwanamke amesimama wima katikati ya meza zake. Ameshika ndoo ya lita ishirini, imejaa. Anatembea nayo. Anatabasamu. Anasema, "Karibuni, karibuni wageni, msinijali, ndiyo kazi zetu."

Nikamwangalia fundi mitambo, naye akaniangalia. Hatukukaa dakika ishirini. Sikuuliza kuhusu meza. Sikuuliza kuhusu chupa. Kwenye viti sikukaa. Nilikuwa nimeshaona ndoo.

Jumamosi nikaingia hewani. Mnajua tunavyosema mitaani, kutesa kwa zamu, yaani kila mtu ana siku yake ya kustarehe. Mimi nikasema, "Wasikilizaji, tumekwenda kwa mgonjwa tukamkuta na ndoo ya lita ishirini mkononi, anatembea kichwa juu. Huku kwetu mnasema kutesa kwa zamu. Kwa yule mama ni kuumwa kwa zamu!" Nikacheka. Mlicheka. Simu zililia mpaka saa sita. Mmoja wenu akauliza, "Leo zamu ya nini, ya kuumwa au ya kupona?" Nikalirudia swali lake mara nne, kwa sababu lilinifurahisha.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jumatatu ya pili baada ya hapo dobi akaingia kazini, akakuta kigoda hakipo. Msimamizi akamwambia, "Unayeweza ndoo unaweza kusimama." Alisimama. Alisimama kwa miezi minne, anakunja mashuka amesimama, kisha mwili ukakataa. Akaacha kazi ya miaka kumi na tisa. Hakuachishwa. Aliacha mwenyewe, kimya kimya, akarudisha aproni imefuliwa na kupigwa pasi.

Mtaani wakaanza kumwita Zamu. Watu wazima walimwita hivyo usoni mwake. Akienda dukani siku nzuri, wanasema, "Zamu leo kapona." Akikosa kuonekana, wanasema, "Zamu imebadilika." Kuna siku nzuri aliacha kutoka. Fikirini hilo. Siku chache alizopewa bila maumivu alizitumia ndani, akiogopa kuonekana mzima.

Seremala alitaka kuja hapa studio na nyundo. Mkewe akamzuia. Akaja mwenyewe.

Studio yetu iko juu, na ngazi zake mnazijua mliowahi kuja. Ni ngazi thelathini na moja. Mlinzi wetu wa wakati ule akanipigia kutoka chini. Akasema, "Kuna mama hapa, anaomba ushuke, ngazi haziwezi." Nikauliza mama gani. Akasema yule wa ndoo. Na mimi, wasikilizaji wapendwa, nikasema, "Mwambie asubiri. Zamu ya kupona ikifika atapanda."

Mlinzi hakumwambia hivyo. Alimwambia niko hewani. Mlinzi yule amestaafu sasa, na kama ananisikiliza namwambia kwamba alikuwa mtu kuliko mimi.

Alisubiri chini saa nzima, amekaa kwenye kiti cha mlinzi. Akaacha mfuko, akaondoka. Mfuko ulikuwa na nyanya na karatasi moja iliyokunjwa. Kwenye karatasi aliandika jinsi ya kulima ukiwa unaumwa. Aliandika nisome hewani, kwa wenzake. Hakuniandikia neno la lawama. Nyanya nilizila. Zilikuwa tamu, nilizila hapa hapa kwa chumvi, maji yake yakamwagika mezani. Karatasi siioni tena kichwani mwangu baada ya hapo. Naogopa kwamba ndiyo niliyofutia meza.

Miaka saba ikapita. Kipindi cha bustani kikaisha, nikapewa hiki cha kumbukumbu. Nikawa mtu wa heshima. Mnaniletea majina ya wapendwa wenu, nami nawasomea kwa upole.

Jumanne wiki hii binti yake alipanda ngazi zetu thelathini na moja. Ni mwalimu, mama wa watoto wawili. Alikaa mbele yangu, akasema, "Mama yangu amefariki. Aliagiza kumbukumbu yake usome wewe." Nikauliza mama yako ni nani. Akasema, "Unamjua kwa jina la Zamu."

Nikamwambia tuna watangazaji wengine, wazuri kuliko mimi, mmoja ana sauti ya dhahabu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nasi tulimwambia hivyo. Akasema hapana, sauti waliyoisikia ni ile. Wakisikia nyingine hawataamini."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Nalisema kama alivyolisema.

"Siku mliyokuja, mama alikuwa amekaa. Alikuwa na siku mbaya, hata chai nilimshikia kikombe. Akasikia gari, akachungulia, akaona ninyi. Akasema, 'Wageni wakubwa hawa. Wasinikute nimekaa, watasema mvivu huyu, bustani si yake.' Nikamwambia mama tulia. Hakunisikia. Alinyanyuka akachukua ile ndoo ya baba ya kuchanganyia udongo, akaijaza maji. Alikuwa hajaishika tangu mimi nikiwa shule. Mlipoondoka alianguka. Alilala siku tisa."

Wasikilizaji wapendwa, rudieni nami, maana mimi nimerudia tangu Jumanne. Alikuwa amekaa. Alinyanyuka kwa ajili yetu. Aliona aibu kukutwa amekaa. Nami nikamwaibisha kwa kuwa alisimama. Nilidhani nimemfumania, kumbe alikuwa ananipokea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikukilalia, nilikipitia tu na kukicheka.

Jana nilikwenda nyumbani kwao. Nilipita pembeni ya nyumba, njia ile ile. Meza zipo, tano. Mchicha umezidi, hakuna aliyeukata tangu msiba. Saa ya jikoni iko dirishani. Seremala alikuwa amekaa kwenye kiti kimojawapo. Nilimpa mkono. Hakunyanyuka. Akaniambia, "Vuta kiti. Hapa hatumnyanyukii mgeni." Nikadhani ni hasira, nikasema moyoni ana haki.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi si wa kuombwa. Uliwaambia watu. Kawaambie watu."

Ndiyo nawaambia. Mama yule hakudanganya. Aliumwa miaka kumi na minane. Siku zake nzuri zilikuwa za kweli, na mbaya zilikuwa za kweli. Aliyedanganya ni mimi, na mlicheka kwa sababu mliniamini. Najua maji yakimwagika hayazoleki. Lakini lile jina la mtaani naomba lizikwe leo. Anayelitumia alitumie kwangu.

Ile karatasi niliyoipoteza, nilidhani imepotea moja kwa moja. Haikupotea. Kabla ya kuandika kwenye karatasi, alikuwa ameandika kwa penseli ya mumewe, pembeni mwa mlango wa stoo, ile meza ya kwanza. Binti alisogeza mchicha, nikapiga magoti nikanakili. Nasoma maneno yake kama yalivyo. Hii ni kazi aliyonipa miaka saba iliyopita.

"Wenzangu mnaoumwa. Pimeni meza mkiwa mmekaa, si mmesimama. Mkono usipofika, meza ni pana mno, mbao ipunguzwe, mkono usilazimishwe.

"Anza na mchicha. Mchicha hauna makuu, utakupa moyo. Nyanya zije baadaye.

"Beba maji kidogo mara nyingi. Anayekucheka kwa chupa zako hajui uzito wa ndoo.

"Tega saa hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri. Siku nzuri ndiyo inayoponza.

"Siku usiyoweza, usiende. Mboga haikununii."

Hapo maandishi ya zamani yanaishia, yamefifia. Chini yake kuna mstari mmoja. Penseli yake imekoza, na herufi zake zimepinda, mkono ulikuwa umeshachoka. Binti anasema mama aliuandika baada ya zile siku tisa za kitandani. Nilipousoma ndipo nikamwelewa yule seremala na kiti chake. Nausoma.

"Mgeni akija, usinyanyuke. Ana miguu, atakuja ulipo."

Kwa seremala, kwa binti, kwa kaka yake asiyejua kuimba, kwa wajukuu na kwa madobi wote waliokamua naye mashuka, nawapa pole. Pole yangu ni ya mtu aliyewaongezea msiba, ipokeeni mkiweza. Mungu ampumzishe, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza kwa nini amepumzika.

Nawe unayenisikiliza, kuna mtu karibu yako ambaye jana alikuwa mzima na leo amelala. Kabla hujasema neno, vuta kiti, ukae naye.

Na kama wewe ndiye unayeumwa, na umekaa, na umesikia mlango unagongwa sasa hivi, tafadhali mpendwa, endelea kukaa.